Wasichana hawakualikwa: uzi wa Girl Guides, kutoka Crystal Palace hadi kaburi la Nyeri

#1 Mama Neema

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kwa amani.

Wiki iliyopita binti yangu wa darasa la tano alirudi na karatasi ya shule: mzazi achague, mtoto aingie skauti au Girl Guides. Baba yake akaniuliza, "Kwani tofauti ni nini? Si wote wanavaa skafu na kupiga gwaride?" Mimi nimekuwa Girl Guide miaka sita. Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sina jibu. Mafundo ya kamba nayajua. Kuwasha moto kwa njiti mbili za kiberiti naweza mpaka leo. Lakini historia tulifundishwa sentensi moja: Baden-Powell alianzisha skauti mwaka 1907, dada yake Agnes akaanzisha Girl Guides mwaka 1910. Tukaikariri, tukavishwa skafu, tukapiga saluti, tukaenda kula.

Nimekaa wiki nzima nikisoma usiku watoto wakilala. Sentensi ile si uongo, ila imeruka kipande kitamu kuliko vyote.

Ni hivi. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell, mwanajeshi aliyepata jina kwenye mzingiro wa Mafeking kule Afrika Kusini, aliwapeleka wavulana wachache kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akawafundisha kupika nje, kusoma nyayo na kuishi porini. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, kikiuzwa vipande vipande kama gazeti. Hakuwazia wasichana. Sasa, kitabu kikishakuwa dukani utamzuia nani asikinunue? Dada alisoma cha kaka yake. Wengine wakanunua vyao. Wakajikusanya, wakashona skafu, wakakata fimbo, wakaanza kulala nje na kufuata nyayo. Wengine walijiandikisha makao makuu kwa herufi za mwanzo tu za majina yao ili karani asijue ni wa kike. Kufikia 1909 walioandikishwa walikuwa takriban 6,000. Elfu sita, wakuu, kwenye kitu ambacho hawakuitwa!

Tarehe 4 Septemba 1909 kukawa na mkutano mkubwa wa skauti pale Crystal Palace, London. Wavulana zaidi ya 10,000. Katikati ya umati wakatokeza wasichana wachache wa kijiji cha Pinkneys Green, kofia kichwani, fimbo mkononi. Inasimuliwa kwamba mzee, yaani Baden-Powell, aliwauliza wao ni kina nani, wakamjibu bila kupepesa macho kwamba wao ni skauti wa kike. Aliwaruhusu kupita gwarideni pamoja na wengine.

Kilichofuata ni kelele. Watu waliandika barua magazetini: mabinti wanazurura vichakani na wavulana, wataolewa na nani. (Mnaisikia hiyo sauti? Mimi niliisikia kwa shangazi yangu mwenyewe, miaka themanini na kitu baadaye.) Baden-Powell akaona njia ya kutokea ni kuwapa chama chao, chini ya mwanamke, na jina lao. Akachagua jina Guides kutokana na kikosi cha jeshi kilichokuwa mpaka wa kaskazini-magharibi wa India, Corps of Guides, kilichosifika kwa kusoma njia na kujitegemea porini. Agnes akakabidhiwa, mwaka 1910.

Na hapa kuna jambo dogo linaloniuma. Wale wasichana walikuwa wameshajipa majina ya wanyama kwenye vikundi vyao, mbweha, mbwa mwitu, kama wavulana. Wakaambiwa sasa wajiite majina ya maua. Jana ulikuwa mbwa mwitu, leo wewe ni waridi. Wengine walinuna, na haki yao.

Kwa hiyo jibu la baba Neema: skauti ilianzishwa na mzee kwa ajili ya wavulana. Hii nyingine wasichana waliianza wenyewe, wakubwa wakaja kuitafutia jina.

Karibuni. Walezi wa zamani mpo?

#2 Chogo

Mama Neema umenikumbusha mbali. Dada yangu alirudi nyumbani siku ya kwanza akamwambia babu, "Babu, mimi sasa ni gaidi." Mzee alikuwa anasikiliza redio. Alizima redio.

Ilibidi mwalimu aitwe.

#3 Kamba Fupi

😂😂 Kwetu tuliwaita "magelogaidi" kwa neno moja, hakuna aliyeshtuka.

#4 Mzalendo Halisi

Nitaharibu sherehe kidogo. Mnamsifia sana huyu mzee. Huyu ni mtu aliyekuwemo kwenye msafara wa Waingereza wa 1895 hadi 1896 uliomkamata Prempeh, mfalme wa Waashanti (Ghana ya leo), akapelekwa uhamishoni mpaka Shelisheli. Mwaka huohuo wa 1896 alikuwa Matabeleland, Zimbabwe ya leo, akaamuru chifu Uwini apigwe risasi, uchunguzi ukafanyika, akasafishwa. Hata kwao, mwaka 2020 halmashauri ya Poole ilitaka kuondoa sanamu yake pale bandarini, ikaishia kuizungushia mbao.

Na hao Girl Guides mnaowaonea huruma, kitabu chao cha kwanza cha mwaka 1912 jina lake lenyewe lilisema kinaonyesha jinsi wasichana wanavyoweza kusaidia kujenga Himaya. Himaya ipi? Ile iliyokuwa imetukalia sisi. Huo ni mradi wa wakoloni, dada yangu. Skafu haibadilishi kitu.

#5 Mama Neema

Mzalendo, hujaharibu kitu, na nashukuru umeleta vitu vyenye mwaka na mahali, si kelele. Yote uliyoandika ni kweli, na yasifichwe kwa watoto.

Niongezee lako. Afrika Kusini wasichana weusi hawakukubaliwa kwenye Girl Guides, wakaundiwa chama cha pembeni, Wayfarers, mwaka 1925, mpaka muungano wa 1936, na hata huo ulikuwa na matawi yaliyotengwa. Kenya ya mkoloni shule zilitenganishwa kwa rangi, na makundi ya Girl Guides yalikaa mashuleni. Hesabu mwenyewe.

Ila sikubaliani na hitimisho lako. Umeangalia aliyeandika kitabu, mimi naangalia waliokisoma. Mwaka 1941, kambi ya mateso ya Ravensbrück, Ujerumani, wafungwa wanawake wa Poland walianzisha kikundi cha siri cha Girl Guides, wakakiita Mury, yaani Kuta. Aliyekianzisha ni mwalimu, Józefa Kantor. Humo ndani ambamo kipande cha mkate ni uhai, walitoa ahadi, walihudumia wagonjwa, waliwagawia chakula waliodhoofika. Unataka kuniambia hao walikuwa wanajenga Himaya ya Mwingereza?

Kiti alikichonga mkoloni, nakubali. Aliyekikalia si lazima awe yeye.

#6 Mzalendo Halisi

Hiyo ya Ravensbrück sikuijua. Nimepunguza sauti. Sijahama upande, nimepunguza sauti tu.

#7 Shangazi wa Tanga

Hodi humu. Wajukuu wamenifungulia simu wamesema kuna uzi wangu.

Mimi nilikuwa Girl Guide miaka ya sabini. Naona mnaongea historia na vita, mmesahau mambo yenyewe. Nani kawaeleza habari ya mkono wa kushoto?

Sisi watu wa pwani mtoto akikupa kitu kwa mkono wa kushoto unamrudisha: "Nipe kwa mkono wa kula." Sasa siku ya kwanza mlezi wetu ananyoosha mkono wa kushoto anisalimie. Nikarudisha wangu nyuma. Nilidhani ananitukana! Nikaenda kumshitakia mama. Mama naye akaja juu, akaenda shuleni amevaa buibui lake, akarudi anacheka. Kumbe duniani kote skauti na Girl Guides wanasalimiana hivyo. Tuliambiwa asili yake ni hao hao Waashanti aliowataja huyo kijana: kwamba shujaa ngao yake iko mkono wa kushoto, akikupa mkono huo ameiweka ngao chini, amekuamini. Kama ni kweli au ni hadithi ya kando ya moto mimi sijui, nimeipokea nimeitoa.

Lakini mama yangu alitia sharti: salamu hiyo iishie shuleni. Nyumbani kwa wazee, mkono wa kulia na magoti chini. Nikaishi na mikono miwili mpaka namaliza shule.

Na saluti: vidole vitatu, kidole gumba kimebana kidole cha mwisho. Vitatu hivyo ni ahadi: Mungu na nchi, kuwasaidia watu, kutii kanuni. Beji yetu nayo ya majani matatu ni hayo hayo. Kidole gumba kukibana kile kidogo tukaambiwa ni mwenye nguvu anamlinda mnyonge. Hiyo ndiyo niliyoipenda. Nimelea watoto saba kwa kidole hicho.

#8 Mama Neema

Shikamoo shangazi! Endelea tafadhali. Kambi ilikuwaje?

#9 Shangazi wa Tanga

Marahaba mwanangu.

Kambi. Tulipiga mahema karibu na mto, mlezi akasema sogezeni juu, sisi tukasema hapa pazuri, pana mchanga. Kanuni ya Girl Guides ni kwamba kikundi cha wasichana sita au wanane kina kiongozi wao, msichana mwenzao, na yeye ndiye anayeamua. Mlezi hasukumi. Basi kiongozi wetu akaamua: mchangani. Mlezi akanyamaza, akaenda kulala juu.

Saa nane usiku mvua. Mto haukufurika, usije ukadhani nakutungia sinema, ila maji yalipita chini ya hema taratibu kama mtu anayepapasa. Nilizinduka mgongo umelowa. Unga umelowa. Kiberiti kimelowa, isipokuwa njiti nne ambazo mtoto mmoja mpole, hasemi kitu mchana kutwa, alizichovya kwenye nta ya mshumaa akaziweka kwenye kopo tangu nyumbani. Hakuna aliyemwambia. Kaulimbiu yetu, "Uwe tayari", aliisikia akaichukua kama ilivyo. Asubuhi ndiye aliyewasha moto, sote tunatetemeka tumemzunguka kama kuku. Mwaka uliofuata tulimchagua yeye kiongozi.

Mlezi hakusema "niliwaambia". Alikuja na sufuria ya uji akakaa nasi. Mpaka leo nikitaka kumwambia mtoto "nilikwambia mimi", namkumbuka yule mama na sufuria yake.

Haya, simu inataka chaji.

#10 Kamba Fupi

Shangazi apewe uzi wake mwenyewe.

#11 Muthoni wa Outspan

Hamjambo kutoka Nyeri. (Jina ni la utani, hoteli ya Outspan si yangu, naishi tu karibu.)

Mama Neema, kichwa cha uzi wako kinataja kaburi letu la Baden-Powell lakini hujafika hapo, kwa hivyo ngoja nikusaidie. Kila mwaka mwezi wa pili mji huu unajaa skafu. Tarehe 22 Februari ni siku ya kuzaliwa ya Baden-Powell, 1857. Na ni siku ya kuzaliwa ya mkewe Olave pia, 1889. Mume na mke, tarehe moja, tofauti miaka 32. Walioana Oktoba 1912. Ndiyo sababu Girl Guides dunia nzima wana Siku ya Kukumbukana tarehe hiyo. Ilipitishwa mwaka 1926 kwenye mkutano wao wa dunia huko Camp Edith Macy, Marekani. Mwaka 1932, kwenye mkutano wa Poland, mjumbe mmoja kutoka Ubelgiji akasema: siku ya kuzaliwa bila zawadi ni siku gani? Hapo ndipo ulipoanza utaratibu wa kila msichana kutoa senti moja siku hiyo kwa ajili ya wenzake wa nchi nyingine.

Mzee na mkewe walihamia hapa mwaka 1938, nyumba ndogo ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan. Mwenye hoteli, Eric Sherbrooke Walker, zamani alikuwa katibu wake. Nyumba waliiita Paxtu. Kwao Uingereza nyumba yao ilikuwa Pax Hill, kwa hivyo hii ni Pax ya pili, halafu kwa Kiingereza ukiitamka inasikika pia kama "amani vilevile". Siku hizi ni makumbusho. Ukiingia utaona beji na skafu za kila nchi zimeachwa na wageni.

Alifariki Januari 1941 akazikwa hapa, uso kwa mlima Kirinyaga (Mlima Kenya). Kwenye jiwe kuna duara lenye nukta katikati. Kwa alama za njia za skauti maana yake ni "nimekwenda nyumbani".

Sasa nafika penye moyo wangu. Wageni wakija wanapiga picha ya duara na jina la mzee. Jiwe lina majina mawili. Olave alirudi Uingereza mwaka 1942 na akaishi miaka mingine 35 akizunguka dunia kwa kazi ya wasichana. Alifariki Juni 1977. Majivu yake yakaletwa Nyeri, yakawekwa na mumewe. Alikuwa Chifu Gaidi wa Dunia (samahani Chogo) tangu 1930. Nimesikia kwa masikio yangu mtu anayewaongoza wageni akisema, "na hapa pia amezikwa bibi yake", akaendelea na njia.

#12 Mama Neema

Muthoni, asante sana, hasa kwa jina la pili kwenye jiwe. Nilikuja hapo mwaka juzi nikitokea Nairobi, na nakiri mbele ya halaiki: nilipiga picha ya duara.

Wakati tunamtetea Olave, tusisahau aliyesahauliwa kabla yake. Agnes. Alizaliwa 1858. Alipokabidhiwa wasichana alikuwa amevuka hamsini, hajaolewa, na usimdhanie bibi wa kushona vitambaa. Alipanda maputo ya hewa, alifuga nyuki ndani ya nyumba, alishughulika na ndege za mwanzo pamoja na mdogo wake wa kiume. Kile kitabu cha 1912 ndiye aliyekiandaa, akitumia maneno ya kaka yake. Halafu kaka akaoa binti wa miaka 23, binti akapanda ngazi, akawa kamishna mkuu 1916, na mwaka 1917 Agnes akajiuzulu urais. Akabaki makamu, cheo cha heshima, mpaka alipofariki 1945. Wifi na wifi. Nani asiyeijua hadithi hiyo mtaani kwake?

Sisemi Olave alikosea. Chama kilikua mikononi mwake kuliko kwa Agnes, hesabu haidanganyi. Lakini walivyomsogeza yule mama, kimyakimya, kwa adabu, kwa barua nzuri... mimi nimewahi kusogezwa hivyo kazini. Namjua.

#13 Kifungo cha Pili

Naomba niweke kisa cha vita ya kwanza, maana huwa kinanifurahisha. Mwaka 1914 idara ya ujasusi ya Uingereza, MI5, ilihitaji watoto wa kupeleka ujumbe ndani ya ofisi zake. Wakajaribu skauti wa kiume. Wavulana wakawa wasumbufu na wanapayuka. Wakaletwa Girl Guides, miaka 14 hadi 16, wakafika kama 90, shilingi 10 kwa wiki pamoja na chakula. Waliapa kwa heshima yao kutosoma wanachobeba.

Halafu mtu anakwambia wanawake hawawezi kutunza siri.

#14 Chogo

Mke wangu anasoma huku juu ya bega langu anasema "unaona".

#15 Skauti Mstaafu

Habari za humu. Mimi ni skauti, nimevaa kaki miaka zaidi ya thelathini. Heshima kwa shangazi na wote.

Swali langu ni la leo. Skauti tunapokea wasichana siku hizi, Kenya na Tanzania pia. Uingereza walianza na wakubwa 1976, wakafungua vikundi vyote 2007. Marekani walifungua ngazi za watoto wadogo 2018, na mwaka 2025 chama kimebadili jina kabisa, sasa ni Scouting America, neno "wavulana" limeondoka. Mlango walioubisha wale wa Pinkneys Green umefunguka. Kwa nini basi Girl Guides waendelee kujitenga? Si ndiyo ushindi waliotaka mwaka 1909?

#16 Dada Mwalimu

Skauti Mstaafu, swali zuri, na si la kuchokoza. Nimelea yote mawili, skauti mchanganyiko miaka mitano, Girl Guides miaka tisa. Nitakujibu kwa niliyoyaona, si kwa nadharia.

Kwenye kundi la mchanganyiko, ikifika saa ya kupiga hema, wavulana wanashika nyundo na wasichana wanashika sufuria. Hakuna aliyewaambia. Ukiwabadilisha wanabadilika siku hiyo, kesho wanarudi palepale kama maji yanavyorudi bondeni. Kwenye Girl Guides hakuna mvulana wa kumwachia nyundo. Kila kazi ni yao: anayepima kamba ni msichana, anayekosea ni msichana, anayebishana na mwenzake mpaka usiku kuhusu upande wa upepo ni msichana. Nilikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa hanyooshi mkono darasani hata akijua jibu. Kambini alipiga kelele "Nyote simameni, hema halijakazwa!" Nikageuka kuangalia ni nani.

Pili, kuna maongezi ya usiku. Hedhi. Mjomba anayewashika. Mwalimu anayewatumia ujumbe. Hayo msichana wa miaka 13 hayasemi mbele ya wavulana, na mara nyingi hayasemi nyumbani. Anayasema moto unapobaki makaa na nyimbo zimeisha. Sikujifunza hilo kwenye kitabu chochote cha skauti.

Sikatai mchanganyiko, mwanangu mmoja yumo kwenu na anapendeza. Ila mlango ukifunguliwa kwenye nyumba ya mwenzako haimaanishi ubomoe yako.

#17 Skauti Mstaafu

Hilo la nyundo na sufuria limenigusa. Nimewaza kambi zangu zote. Ni kweli. Nitalifanyia kazi Jumamosi.

#18 Dafina wa Atlanta

Salamu kutoka Georgia, Marekani. Mombasa damu, msinitenge.

Nimeona kuna mtu kataja Marekani. Mwanzo wa huku uko saa chache kwa gari kutoka kwangu, mji wa Savannah. Mwanamke anaitwa Juliette Gordon Low. Aliolewa mwaka 1886, watu wakarusha mchele kama mnavyoona kwenye harusi, punje moja ikaingia sikioni ikaleta maradhi. Sikio la pili lilikuwa limeharibika tayari. Aliishi kiziwi karibu kabisa. Ndoa nayo haikumpa raha, mume akafa wakiwa njiani kuachana. Akakutana na Baden-Powell Uingereza mwaka 1911, akaanzisha kikundi cha mabinti wa wakulima kule Glen Lyon, Scotland, halafu akarudi nyumbani, na tarehe 12 Machi 1912 akakusanya wasichana 18. Mwaka uliofuata wakachukua jina Girl Scouts badala ya Guides. Yaani neno lile walilonyang'anywa Uingereza, huku walilirudisha! Pesa zilipopungua aliuza mkufu wake wa lulu kwa dola 8,000.

Biskuti zao mnazoziona kwenye filamu zilianza 1917, kikundi kimoja cha Muskogee, Oklahoma, walioka wenyewe wakauza shuleni. Sasa hivi msimu ukifika huwezi kuingia dukani bila kuvamiwa na mtoto wa miaka saba mwenye meza. Nanunua. Simkatalii mtoto anayejifunza kuuza.

#19 Kamba Fupi

Harusi zetu tuendelee kurusha maua basi.

#20 Muthoni wa Outspan

Nimerudi na moja ya Nyeri nimeisahau. Elizabeth wa Uingereza alikuwa Girl Guide. Mwaka 1937 kilianzishwa kikundi ndani ya Buckingham Palace kwa ajili yake, akiwa na miaka 11, na mdogo wake Margaret akawekwa kwenye Brownie, kikundi cha wadogo. Februari 1952 alilala hoteli ya Treetops, ambayo pia ilikuwa ya Walker yule yule, juu ya mti akitazama wanyama, na usiku huo baba yake akafariki. Kwa hivyo alikuwa milimani kwetu alipokuwa malkia, kilomita chache kutoka kaburi la aliyeanzisha skauti. Simaanishi kitu. Ni jirani tu.

#21 Mama Neema

Brownie nao wana yao. Mwaka 1914 wadogo waliundiwa kikundi kikaitwa Rosebuds, vichipukizi vya waridi. Watoto hawakulipenda jina. Mwaka 1915 likabadilishwa kuwa Brownies. Tazama mtiririko huo, tangu maua ya 1910: wakubwa wanawapa maua, watoto wanarudisha.

Kwa waliouliza kwenye jumbe binafsi habari za kwetu: Girl Guides wa Kenya wameanza 1920, wa Tanganyika 1928, na vyama vyote viwili vikapata uanachama kamili wa chama cha dunia mwaka 1963. Chama chenyewe cha dunia kiliundwa 1928 huko Parád, Hungaria, na leo kina nchi zaidi ya 150. Beji yao ya dunia, jani la dhahabu kwenye bluu, ilichorwa na Mnorwei, Kari Aas, ikakubaliwa 1930. Nyota mbili kwenye majani ya pembeni ni ahadi na kanuni, na ule mstari wa katikati ni sindano ya dira.

Lakini nililokuwa nalo hamu kuwaambia ni hili. Chama hicho kina vituo vya dunia, ambako msichana wa nchi yoyote anaweza kufikia: Adelboden, Uswisi, tangu 1932. London. Cuernavaca, Mexico, 1957. Pune, India, 1966. Cha tano ni cha Afrika, na hakina jengo. Kinahama nchi hadi nchi, mwaka huu huku, mwaka ule kule. Na jina lake ni la Kiswahili: Kusafiri.

Nilipolisoma nilikaa kimya. Kisha nikamwamsha baba Neema.

#22 Mzalendo Halisi

Kusafiri. Hiyo naikubali bila masharti.

#23 Chogo

Mama Neema, mtoto kachagua nini sasa? Tumesoma uzi mzima unatuacha njia panda.

#24 Mama Neema

Nilimwita jana nikamsimulia yote: Crystal Palace, Agnes, Ravensbrück, mkufu wa lulu. Alisikiliza vizuri sana. Nilipomaliza akauliza swali moja: "Mama, ni wapi wanaenda kambi kwanza?"

Girl Guides wanaenda mwezi wa sita, skauti mwezi wa nane. Amejaza karatasi mwenyewe, Girl Guides, kwa peni nyekundu.

Sasa nina shida ya kweli. Gauni la bluu saizi ya miaka 11 dukani hakuna mpaka mwezi ujao, na wanavishwa skafu Ijumaa ya wiki ijayo. Kuna mwenye la kuazima?

#25 Shangazi wa Tanga

Ninalo la mjukuu, amekua limembana kifuani. Lina kiraka kidogo pindoni, aliungua na moto wa kambi, hakionekani akisimama. Nitalipeleka stendi kesho asubuhi, nitumie jina la basi linalokuja Arusha. Na umwambie aje na kopo la njiti, azichovye nta.